Ufa kwenye tangi la balasti: kamera itauona?

Swali: Nasimamia chombo cha chuma cha mizigo, aina ya LCT chenye mlango wa mbele, urefu mita 45, umri miaka 27. Tunabeba saruji, magari na vyakula kati ya Malindi ya Unguja na Mkoani, Pemba. Kila ukaguzi mkubwa ukifika tunafunga majukwaa ya miti ndani ya matangi ya balasti (yale ya maji ya kukipa chombo uzito na utulivu), na watu wanashinda humo siku nne na nyundo na tochi. Mwanangu amesomea kompyuta, ananishauri tununue droni na tutengeneze programu ya akili mnemba itakayoona kutu na nyufa yenyewe, nyundo tuiache. Inawezekana? Na mkaguzi atakubali?

Jibu: Ndugu yangu, swali lako lina mambo matatu, na kila moja lina jibu lake. Kutu iliyo juu ya bati mashine inaiona vizuri, na inaipima kwa haki kuliko jicho la mtu. Ufa inauona endapo picha imepigwa kwa masharti makali, na hata hapo utapita ambao haukuonekana. Unene wa bati uliobaki kamera haiujui kabisa, iwe ya bei gani. Kwa hiyo nyundo inabaki. Faida utakayopata ni kwamba mwenye nyundo ataingia tangini akijua pa kugonga.

Nianze na droni, maana hapo ndipo fedha hupotea mapema. Utafiti wa kukagua meli kwa mashine uliofanywa Ulaya, kama mradi wa MINOAS ulioanza 2009 na mingine iliyoufuata, ulilenga meli kubwa za shehena na mafuta, ambazo kuta za ndani zinapanda mita 15 au 20. Huko jukwaa ni gharama kubwa na mtu akianguka hasalimiki. Chombo chako hakina kuta za namna hiyo. Kimo cha mwili wa LCT ya mita 45, toka sakafu hadi sitaha, kwa kawaida ni kama mita 3, na tangi limejaa fremu na mbavu zilizosongamana. Ndani ya boksi la chuma GPS haishiki, dira ya droni inapotoshwa na chuma chenyewe, na mawimbi ya rimoti yanakatika kila ikipita nyuma ya fremu. Upepo wa mapanga unatimua vumbi la kutu, nalo linarudisha mwanga wa taa kwenye lenzi. Zipo droni za kizimba zilizotengenezwa kwa kazi hii, mfano Elios ya kampuni ya Flyability, lakini upana wake ni sentimita 40 hadi 50, betri moja hurusha kama dakika kumi, na mdomo wa tangi lako huenda ni sentimita 40 kwa 60. Tena droni yoyote Tanzania ina masharti ya kibali na usajili, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, wakiwamo, na hayo yanatimizwa kabla ya kuiagiza, si baada ya kuifungua.

Chukua fimbo ya fibaglasi ya mita 3, ifunge kamera moja nzuri isiyopenya maji na taa mbili za LED. Kwa matangi ya kimo hicho, fimbo inatoa picha bora kuliko droni, kwa sababu inatulia.

Sasa picha yenyewe, ambayo ndiyo roho ya kazi hii. Kijana wako ataelewa hesabu hii mara moja. Kamera ya 4K ina pikseli 3,840 kwa upana. Ukiwa na lenzi ya nyuzi 80, ukisimama mita 1 kutoka kwenye bati, picha inachukua upana wa kama mita 1.68. Gawanya: pikseli moja ni milimita 0.44. Ukisogea hadi sentimita 30, picha inachukua nusu mita tu na pikseli inashuka hadi milimita 0.13. Ufa wa uchovu wa chuma, chombo kikiwa hakina mzigo, mara nyingi mdomo wake uko chini ya milimita 0.1. Programu nayo hutaka alama iwe na upana wa pikseli mbili tatu ndipo iitenge na mkwaruzo. Kwa mita 1, basi, unapata picha nzuri sana ya kutu, lakini ufa mchanga haumo ndani ya picha, na programu haiwezi kuona kisichopigwa. Pale unapotafuta nyufa, kamera iwe sentimita 30 au karibu zaidi, na hata hapo ufa mwembamba sana unaweza kupita.

Mtikisiko nao unaharibu kimya kimya. Fimbo ikitembea nusu mita kwa sekunde na kamera ikifungua kwa 1/100 ya sekunde, picha inaburuzika milimita 5, na ukiitazama kwenye kioo kidogo cha simu utaiona safi kabisa. Tembeza sentimita 10 kwa sekunde, funga kwa 1/500 au haraka zaidi, na uburuzikaji utakuwa milimita 0.2. Usiiachie kamera ijichagulie kasi gizani, itachagua ndefu.

Taa isikae juu ya lenzi. Mwanga unaopiga bati uso kwa uso unafuta vishimo vyote na rangi yenye unyevu inawaka kama kioo. Weka taa pembeni, mwanga ulalie bati kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 30 hivi, ili kila kishimo kitupe kivuli chake. Piga mara mbili, taa ya kushoto peke yake kisha ya kulia peke yake. Kivuli kitahama upande, ufa hautahama. Kwa kazi ya programu, jozi hiyo ya picha inafaa kuliko kununua kamera ghali zaidi.

Kabla ya yote hayo tangi lioshwe kwa maji matamu yenye shinikizo, tope lote litolewe, likauke. Magamba ya kutu yanayocheza yakwanguliwe, kwa sababu chini ya gamba lenye unene wa sarafu kunaweza kuwa na bati lililobaki nusu. Chombo chako kinapandisha magari yenye udongo mwekundu wa Pemba kwenye matairi, na udongo huo ukiingia kwenye pembe za mlango na mifereji ya sitaha, programu inayotegemea rangi ya picha itaapa kwamba ni kutu. Saruji inafanya kinyume: ikishika maji inakuwa ganda la kijivu juu ya kutu, na programu inalisoma kuwa rangi nzima. Hapo hakuna ujanja wa kompyuta, ni brashi na maji.

Kila picha ijulikane imetoka wapi. Andika namba za fremu kwa rangi nyeupe ndani ya tangi, na bandika rula ya milimita 100 ionekane katika kila safu ya picha. Jina la faili libebe tangi, upande, fremu na kimo. Ukipiga picha zenye upana wa mita 1 na kuziacha zipandane kwa asilimia 30, eneo la mita za mraba 100 litakula picha kama 360. Zisipokuwa na majina, picha 360 za bati la kahawia zote ni moja, na baada ya miaka miwili hakuna atakayeweza kulinganisha chochote. Kulinganisha ndiko kunakokupa taarifa ya maana: doa lililokuwa na upana wa kiganja mwaka jana limefika wapi mwaka huu.

Programu. Kwa kutu na rangi iliyobambuka, tumieni mtandao wa neva unaopaka picha pikseli kwa pikseli, wa aina ya U-Net, ulioanzia chuo kikuu cha Freiburg mwaka 2015. Anzeni na uliokwisha kufunzwa kwa picha za kawaida, kisha muufunze tena kwa picha za matangi yenu, mia kadhaa zilizowekewa alama vizuri. Anayeweka alama asiwe mwanao peke yake. Akae na fundi wa kuchomea, maana yeye ndiye anayejua kwamba hiki ni kipande cha elektrodi kilichoganda na kile ni ukingo uliokatwa na gesi vibaya tangu chombo kinajengwa. Picha za bure za mtandaoni zitawasaidia kidogo tu. Mkusanyiko wa LIACi wa Norway, kwa mfano, una picha 1,893 za matumbo ya meli, lakini zote zimepigwa chini ya maji kutoka nje, na tangi lenu halifanani nazo.

Kuna makosa mawili ambayo karibu kila anayeanza huyafanya. La kwanza ni kupunguza picha ili kompyuta isilemewe. Ukiibana picha ya pikseli 3,840 iwe 640, umeigawa kwa sita, na ufa uliokuwa na upana wa pikseli tatu umebaki nusu pikseli, yaani umeufuta kwa mkono wako. Katakata picha vipande vya 512 kwa 512 bila kuipunguza, kila kipande kipite peke yake. La pili ni kuchanganya picha zote halafu kuchota baadhi za majaribio. Picha mbili zilizopandana zitaangukia moja kwenye mafunzo na nyingine kwenye mtihani, na programu itafaulu kwa kukariri. Tengeni tangi zima, lisiguswe wakati wa mafunzo, ndilo liwe mtihani.

Tena msidanganywe na neno "usahihi wa asilimia 99". Ufa huchukua sehemu ndogo mno ya picha, na programu inayojibu "hakuna ufa" kila mahali itakuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 99 ya pikseli huku ikiwa haina kazi. Hesabu ya haki ni hii: nyufa zinazojulikana zilikuwa ngapi, imekamata ngapi? Zikiwa 40 na ikakamata 34, imeacha sita, na sita hizo ndizo za kuzungumza. Shusheni kizingiti chake, yaani kiasi cha shaka kinachotosha itoe kengele, hadi ianze kulalamika ovyo. Kengele kumi za uongo zinamgharimu mtu nusu saa na kitambaa cha kufutia. Ufa mmoja ulioachwa kwenye pembe ya sitaha unaongezeka kila safari ya kusi.

Ipo dalili moja ambayo mafundi wa zamani wanaijua na waandishi wa programu wengi wanaisahau. Ufa ulio chini ya rangi nzima unajitambulisha kwa mstari mwembamba wa kutu unaotiririka kutoka ukingo wa mshono, ilhali rangi pembeni yake ni safi. Mstari huo ni mpana kuliko ufa wenyewe mara nyingi, na hata kamera ya mita 1 inauona. Ufanyeni aina yake peke yake katika mafunzo, msiuchanganye na kutu ya kawaida. Ni njia ya uhakika kuliko kuusaka ufa wenyewe.

Wapi pa kupeleka kamera kwa karibu? Katika LCT, anza na bawaba za mlango wa mbele na bati zinazozishikilia, pembe za matundu ya sitaha, ncha za braketi, na pale mbavu za urefu zinapopenya fremu kubwa. Ufa wa uchovu hupenda kuanza ukingoni mwa mshono, mahali umbo la chuma linapobadilika ghafla. Kwa kutu, tazama dari la tangi chini ya sitaha inayopigwa na jua la Unguja mchana kutwa: joto linaharakisha kutu, unyevu unaganda usiku, na vipande vya zinki havisaidii huko juu kwa sababu vinafanya kazi vikiwa ndani ya maji tu. Kisha tazama sakafu chini ya bomba la kupimia kina na karibu na mdomo wa bomba la kufyonza, ambako vishimo huchimbika haraka. Tumbo la mbele linalosuguana na mchanga wakati wa kupwelea lipigwe picha kwa nje. Bamvua letu lina tofauti ya kama mita 4, na maji ya chini kabisa huangukia karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo mwanga unao na saa mbili hivi za kazi unazo. Tangi la juu ya sehemu hiyo lijazeni maji kabla. Bati likishakauka nje, palipo na ufa patabaki na doa la majimaji, na kamera haihitaji akili nyingi kuliona.

(Msomaji mwenye jahazi asijaribu programu hii kwenye mbao zake. Mishipa ya ubao na mistari ya kalafati yote itaonekana nyufa.)

Kwa kupanga hali ya rangi, kipo kipimo cha IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, kilichoandikwa katika azimio A.744(18) la 1993 na kuendelezwa katika kanuni za 2011. Kilitungwa kwa meli za mafuta na za shehena ya kumwaga, hakikulazimishi wewe, lakini ni rula nzuri. Hali ni mbaya endapo rangi imeharibika kwa asilimia 20 au zaidi ya eneo, au magamba magumu yamefika asilimia 10. Ni ya wastani endapo rangi imeachia kwenye kingo za mbavu na mishono, au kutu nyepesi imefika asilimia 20 bila kufikia ubaya huo. Ikiwa ni madoa madogo tu, ni nzuri. Hapa mashine inamshinda mtu, kwa sababu jicho huyazidisha madoa yaliyotawanyika. Sharti ni kwamba asilimia ihesabiwe kwa ukuta mzima baada ya kuunganisha picha, wala si kwa wastani wa picha moja moja. Picha zinapandana, na mpigaji huvutwa na palipoharibika, kwa hiyo hesabu ya picha moja moja itaonyesha chombo kibovu kuliko kilivyo.

Unene ni kazi ya kipimo cha mawimbi ya sauti, na hiki ningekuomba ukinunue kabla ya kitu kingine chochote cha umeme. Sauti hupita ndani ya chuma kwa kama mita 5,900 kwa sekunde. Kifaa kinapima muda wa kwenda na kurudi. Nunua chenye uwezo wa kusoma mwangwi mfululizo. Cha bei rahisi kinahesabu na rangi, na sauti huenda polepole ndani ya rangi, hivyo rangi ya nusu milimita itasomeka kama zaidi ya milimita moja ya chuma ambacho hakipo. Pima pointi tano kwa kila bati ambalo programu imelitia alama nyekundu, na mbili tatu kwenye mabati iliyosema ni mazima, ili uikague na yenyewe. Kama bati la milimita 10 linaruhusiwa kupungua milimita 2, taasisi zinazokagua meli na kuzipanga madaraja ya ubora huanza kuita kutu "kubwa" pale upungufu unapopita robo tatu ya ruhusa hiyo, yaani milimita 1.5. Ukifika hapo, vipimo vinaongezwa na mpango wa kukata bati unaanza.

Kuhusu mkaguzi: usimpelekee picha kama jambo lililokwisha. IACS, umoja wa taasisi hizo zinazopanga meli madaraja, una mwongozo wa ukaguzi wa mbali, namba 42, na misingi yake inaeleweka popote. Mpango unakubaliwa kabla, mkaguzi anaziona picha zikiwa hai na anaweza kusema "rudi hapo", na kikionekana kitu cha kutia shaka ana haki ya kudai afike kwa mkono. Ukaguzi wa karibu, kwa lugha yao, ni ule ambao mkono unafika. Nenda Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA, mwezi mmoja au miwili kabla, ukiwa na mchoro wa matangi, orodha ya mahali utakapopiga picha, na mfano wa picha moja yenye rula. Programu usiitaje kama hakimu. Sema itatumika kuchagua mahali pa kupima.

Fimbo haikuondolei hatari ya hewa. Tangi la chuma lililofungwa hula oksijeni lenyewe, kwa kuwa kutu inajengwa nayo, na tope la chini hutoa gesi yenye sulfuri inayoua. Yeyote atakayeingiza hata kichwa mdomoni mwa tangi, hewa ipulizwe kwanza na kupimwa kwa mpira mrefu juu, katikati na chini, oksijeni isome karibu asilimia 21, na mtu mmoja asibanduke mlangoni. Akianguka wa ndani, wa nje anaita msaada, haruki kumfuata. Hilo lielezwe kwa vijana wote kabla kamera haijawashwa.

Programu ikitia alama ufa, futa pahala pale, puliza rangi nyekundu ya kupenya, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, futa, kisha puliza unga mweupe. Ufa wa kweli utachora mstari mwekundu, na ncha zake utaziona mbali kuliko ulipodhania kwa jicho. Zitie alama ncha hizo kwa chaki ya mafuta, pima urefu, piga picha pamoja na rula na namba ya fremu. Usipake rangi juu yake, wala fundi asipitishe mshono juu bila kuuchimba ufa wote utoke. Chini ya mshono mpya utaendelea kutembea. Kutoboa tundu kwenye ncha ili kuuzuia ni dawa ya muda tu, na tundu likikosa ncha halizuii kitu. Picha hizo zifike kwa mkaguzi siku ileile, kabla chombo hakijapakia.